Siku Niliposema Chakula Hakina Chumvi

Ukiona chai yako ya asubuhi haina ladha, usimgombeze aliyeipika. Weka kikombe chini, jitenge, kisha mpigie simu kila mtu uliyekula naye wiki hiyo. Mimi sikufanya hivyo. Ndiyo sababu naandika haya sasa, wakati ulimi wangu umerudi nusu na naweza kupanda kilima cha kanisa kwa kupumzika mara moja tu njiani.

Hapa Kasese wananiita Mama Noeli. Mimi ni Mluhya wa Mumias, nililetwa huku na mume wangu alipopata kazi kwenye kiwanda cha saruji, Noeli wetu akiwa bado mgongoni. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa matroni wa shule ya bweni, na ukitaka kujua tabia yangu hilo moja linatosha. Nimewahi kumkamata mpishi na sukari ya wanafunzi ndani ya kilemba. Tangu siku hiyo mpishi akinitazama machoni namshuku, na asiponitazama namshuku zaidi.

Nilipostaafu, watu wa parokia wakaona ukali huo usiozee bure nyumbani. Wakanitia kwenye kamati ya kukagua nyumba ya wazee iliyoko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Tulikuwa watatu, wote wa kujitolea. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: unafika bila kutoa taarifa, unatazama vitanda na choo, unawauliza wazee wanatendewaje, kisha unaandika uliyoyaona katika daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni mwa ofisi. Sista mkuu wa nyumba alilazimika kulisoma na kuchukua hatua.

Kanuni yetu kubwa ilikuwa moja. Mkaguzi hali sahani yake peke yake, kwa sababu sahani ya mgeni hupambwa. Unachagua mzee mmoja, unakaa naye, na mnakula pamoja kwenye sahani ile ile, obundu ule ule, yaani ugali wa muhogo wa Wakonzo, na mboga ile ile. Hapo hakuna mpishi wa kukudanganya. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na nilijivunia sana.

Mzee wangu alikuwa Petero. Alizaliwa upande wa Kongo, akavuka akiwa kijana kuja kuchimba shaba Kilembe, akazeeka na vumbi la mgodi kifuani. Alikuwa akikohoa miaka yote, hata kabla korona haijajulikana kwa jina. Mke alishafariki, na watoto hawakujaliwa. Aliniita mutoto yangu, mimi mwenye mvi kichwa kizima. Alipenda nimkate kucha huku akiwasengenya wenzake, nani anakoroma, nani anaficha ndizi chini ya mto. Kusema kweli, kilichonipandisha gari kwenda Bwera kila mara kilikuwa Petero kuliko kamati.

Mwaka wa kwanza wa ugonjwa nyumba ilifungwa kabisa. Tulikagua kwa kusimama nje ya ua wa michongoma na kupaza sauti tukiuliza kama wamekula, nao wanajibu kwa sauti kwamba wamekula. Ukaguzi gani huo? Baadaye masharti yakalegea, Sista akaturuhusu kuingia mmoja mmoja kila wiki, barakoa usoni, joto limepimwa langoni, na kila mtu na sahani yake. Kisha likaja wimbi la pili, mvua zikiwa zimekatika na vumbi limeanza. Magari ya abiria yakasimamishwa. Nikawa napata lifti kwa Haji Sadiki, mwenzetu wa kamati, anayesafirisha chumvi ya Katwe kwa pikapu yake hadi soko la Bwera. Kwa hiyo siku ile niliyofika pale kudai chumvi, nilikuwa nimesafiri na magunia ya chumvi nyuma yangu.

Asubuhi hiyo niliamka kichwa kizito kidogo. Nikasema ni vumbi la kiwanda. Langoni walinipima, joto likawa la kawaida, nikaingia. Petero alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya jiko, sahani magotini, obundu na sombe, yale majani ya muhogo, na maharagwe. Nikavuta sahani yangu ya kando kama masharti yalivyotaka. Akanitazama kwa muda.

"Leo unakula yako peke yako? Unaniogopa, mutoto yangu?"

Ningefanya nini mbele ya macho yale? Nikaishusha barakoa kidevuni, nikamega tonge kwenye sahani yake, nikachovya. Chapwa. Nikamega lingine. Nilikuwa kama ninayetafuna pamba. Nikamuuliza Petero kama na yeye anaona chakula hakina chumvi. Akacheka kidogo, akasema kama Mama anasema munyu hakuna, basi hakuna. Hiyo ndiyo adabu ya wazee wa kule, mgeni habishiwi kwenye sahani. Nilikuwa naijua vizuri adabu hiyo, lakini nikaichukua kama ushahidi.

Nikamwita mpishi. Anaitwa Masika, mama wa Kikonzo wa miaka kama thelathini na mitano, mtu wa maneno machache. Hakubisha. Alichota mchuzi kwenye sufuria, akauonja mbele yangu, akasema chumvi ipo, ya Katwe, ameitia mwenyewe asubuhi. Nami, mbele ya wazee wote, nikamuuliza hiyo chumvi anamuuzia nani ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Masika akarudi nyuma hatua mbili na kupandisha barakoa yake hadi chini ya macho.

"Mama, wazee wote imekula na hakuna amelalamika," alisema. "Labda ni mdomo yako iko mgonjwa. Tafadhali, toka nje."

Ati nitoke nje. Mpishi anamwambia mkaguzi atoke nje! Nilipandwa na hasira hata masikio yakawaka moto. Badala ya kutoka, nilikaa saa nzima zaidi, kwa makusudi. Nilimkata Petero kucha za mikono, nikamkata za miguu, barakoa inaning'inia kidevuni, nacheka kwa sauti ili Masika asikie huko jikoni. Kisha nikaenda kwenye daftari nikaandika kwa herufi kubwa: CHAKULA HAKINA CHUMVI. MPISHI ANA KIBURI. AULIZWE CHUMVI INAKWENDA WAPI. Sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo nimewahubiria wasichana wa bweni miaka na miaka.

Wakati wa kurudi, Haji alisimama Kikorongo akanunua samaki wakavu, akawaweka kati yetu. Hata hatujafika mbali akalalamika kwamba samaki hao wananuka mpaka macho yanamtoka machozi. Nikawatazama samaki. Nikavuta pumzi. Hapakuwa na kitu. Nikainama nikavuta tena, pua ikiwa karibu kuwagusa, na bado hapakuwa na kitu. Nikateremsha kioo chote, nikageuza uso nje, nikabaki hivyo hadi Kasese, na Haji akadhani nimechukizwa na harufu. Nilipaswa kumwambia ageuze gari. Sikumwambia.

Nyumbani nilianza kujipima kama mwendawazimu. Nilinusa vitunguu, nilinusa mafuta ya taa, niliingiza pua kwenye kopo la dawa ya choo. Nikafukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi hadi jasho likanitiririka mgongoni. Mume wangu nilimwambia ni mafua, nikahamia chumba cha Noeli kwa kisingizio cha kukoroma kwake. Kila baada ya muda nilishika simu nimpigie Sista, kisha naiweka. Nilijiambia kesho nitasikia harufu. Nilijiambia siwezi kuwatia wazee hofu kwa ajili ya mafua. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilionea aibu ile chumvi. Ningesemaje, kwamba Masika alikuwa na haki? Naona haya kuandika kwamba aibu hiyo ilinishinda nguvu kuliko hofu ya kuua watu, lakini ndivyo ilivyokuwa, siku mbili nzima.

Siku ya tatu nilitoka chooni nikashindwa kuufikia mlango wa nyumba, hatua ishirini tu. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi nikapiga simu.

Kabla sijafungua mdomo, Sista akaniambia kwamba taarifa yangu imefanyiwa kazi. Masika ameondolewa. Tena si kwa chumvi peke yake, akasema, maana siku ile ile nilipoondoka, mpishi huyo alikibeba kitanda cha Mzee Petero bila kuomba ruhusa na kumweka peke yake kwenye stoo ya mahindi. Akachemsha vyombo vyote, akakataza wazee wengine wasimsogelee, akawa anampelekea chakula mwenyewe na kukiweka kizingitini. Wazee walilia, Sista alisema. Mtu mzima kufungiwa na magunia!

"Sista, msimtoe Petero humo stoo," nilisema. "Chumvi ilikuwepo. Mgonjwa ni mimi."

Kwenye simu nilisikia kuku wa nyumba ya wazee wakilia.

"Ana homa tangu asubuhi," Sista akajibu.

Kuanzia hapo hofu yangu ilikuwa moja tu, Petero. Hata waliponipeleka hospitali, nikangoja kwenye benchi chini ya hema tangu asubuhi hadi jua likageuka, na mgonjwa aliye mbele yangu akiteleza polepole kutoka kwenye benchi hadi sakafuni, mimi nilikuwa namfikiria mzee mmoja mwenye vumbi la mgodi kifuani, na kucha zake nilizozikata moja moja.

Wodini siku hazikuwa na majina. Nilizihesabu kwa mitungi ya oksijeni. Mtungi wa kwanza niliweza bado kuongea. Mtungi wa pili nililala kifudifudi kwa amri ya daktari, na kila pumzi niliivuta kama ndoo kutoka kisima kirefu. Unasikiliza mtungi wako ukibubujika, na unasikiliza wa jirani. Wa jirani ukinyamaza, hugeuzi kichwa. Nywele zangu zilikuwa zinabaki kwenye mto, na mapaja yalikuwa yamepukutika hata nikaona haya muuguzi alipoyaosha. Muuguzi huyo sikuwahi kumwona uso. Alikuwa ameandika jina lake, Biira, kwa kalamu nene mgongoni mwa lile vazi jeupe, ili tujue tunamwita nani. Kila alipomaliza zamu alinisugua nyayo kwa mafuta, jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Nikiulizwa leo ni nini kilichoniponya, nitataja na zile nyayo.

Mume wangu hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa akisimama nje ya ukuta, Biira ananishikia simu sikioni, na swali langu lilikuwa lile lile kila siku. Petero? Naye akinijibu vile vile, kwamba anaendelea. Siku moja nikakusanya pumzi yote niliyokuwa nayo nikamuuliza anaendelea na nini. Akasema mtandao ni mbaya, akakata. Nikalala na simu kifuani nikiomba kwa Kiluhya, kwa sababu Kiswahili cha kuombea kilikuwa kimeniishia. Nikamwahidi Mungu kila kitu. Nikamwahidi hata kuacha ukali, na nadhani hapo ndipo aliponicheka.

Mtungi wa saba haukwisha. Waliuondoa ukiwa na hewa ndani, nikarudishwa nyumbani kwa pikapu ya Haji, nimelazwa nyuma kwenye godoro, mahali panapokaa chumvi.

Nilipofika sikuulizia Petero mara moja. Niliogopa. Nilingoja hadi kesho yake, mume wangu aliponiletea uji, nikamwambia anitazame usoni. Hakunitazama. Petero alikuwa amefariki siku nyingi, nilipokuwa mtungi wa nne. Walimzika watu wa mavazi meupe nyuma ya stoo ya mahindi, na wazee wenzake wakatazama kutoka dirishani. Nilikirusha kikombe cha uji ukutani. Nikamwambia mume wangu ni mwongo, kwamba kila "anaendelea" aliyonipa ilikuwa sumu. Huyu ni mtu ambaye katika miaka yetu yote hajawahi kunipandishia sauti.

"Ningekuambia ili nizike wawili?" alisema kwa sauti ya juu, kisha akakaa sakafuni kando ya uji uliomwagika, akalia kama alivyolia siku mama yake alipofariki. Hatukusemeshana siku tatu. Lakini vitunguu vilikuwa vimeanza kuninukia uvundo, kila kinachokaangwa kikinuka kama mzoga, na katika siku hizo tatu za kununiana aliacha kukaanga. Alikula vya kuchemsha pamoja nami wiki sita, mtu anayependa kachumbari na nyama ya kukaanga, bila kuguna hata mara moja.

Jambo la pili alilonificha lilikuwa jema, na alinieleza hasira zilipopoa. Katika nyumba nzima ya wazee hakuna mwingine aliyeugua. Hata mmoja. Masika alikuwa ameuzuia ugonjwa ndani ya ile stoo kwa akili yake mwenyewe, siku mbili kabla mimi sijapata ujasiri wa kupiga simu. Sista alipanda mlimani hadi nyumbani kwake, akamwomba arudi. Masika akakubali kwa sharti moja, kwamba lango liwe mikononi mwake.

Maana ya sharti hilo niliiona mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, nilipopata nguvu za kwenda Bwera. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Kutoka barabarani hadi langoni nilisimama mara nne, Haji akinishikia mwavuli. Masika alikuwa amekaa chini ya paa dogo la mabati, na makopo mawili mbele yake. Kwenye kopo moja kulikuwa na chumvi, kwenye lingine sukari, vyote vimetwangwa laini. Mgeni yeyote, awe padri au mkaguzi, anafumba macho, anatiwa chembe kiganjani, analamba, anasema ni nini. Ukikosea huingii. Haji alilamba akasema sukari, akafunguliwa.

Mimi nilikuwa na maneno yangu, nikayasema kabla sijafumba macho. Nilimwambia nilimkosea mbele ya watu, na namwomba msamaha mbele ya watu, kwa ajili yake na kwa ajili ya Petero. Wazee watatu walikuwa barazani wakisikia. Masika hakutabasamu wala hakununa.

"Nimesikia, Mama," alisema. "Fumba macho."

Nikafumba. Nikasikia unga mdogo ukianguka kiganjani. Nikalamba. Ulikuwa kama mchanga wa mtoni, maji tu na chengachenga. Nikazungusha ulimi, nikangoja. Ladha yangu siku zile ilikuwa ikija na kuondoka, ningeweza kuamka naisikia ndimu na kufika mchana imepotea. Nyuma ya lile lango kulikuwa na kaburi nililotaka kulishika kwa mikono yangu. Majibu yalikuwa mawili tu, ningetaja moja na pengine ningepatia, na matroni aliyemo ndani yangu alikuwa tayari amefungua mdomo kusema chumvi.

"Sijui," nikasema. "Sisikii kitu."

Nilipofumbua macho Masika alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Hakulifungua lango. Aliingia ndani, akarudi na kigoda cha Petero, akakiweka nje ya ua, upande wangu, mahali ambapo mvua haifiki. Akaenda tena, akarudi na sahani ya obundu na sombe iliyofunikwa.

"Kaa hapa, Mama. Kula," alisema. "Wiki ijayo tutajaribu tena."

Nikamwomba na daftari. Akalifungua kamba, akanipitishia juu ya michongoma. Nilitafuta ukurasa wangu wa siku ile, zile herufi kubwa, na chini yake nikaandika kwa herufi ndogo kwamba chumvi ilikuwepo, nikatia sahihi. Kisha nikafunua sahani. Nikala yote, peke yangu, bila kusikia ladha yoyote, na kaburi lake nikiliona kwa mbali kupitia miiba.